Besi Yako na Waya Nilioukata

Kaka Zabroni,

Nimekaa kwenye benchi la kwaya hapa kanisani Mishamo, lile la mwisho kabla ya spika, mahali ulipozoea kuacha viatu vyako. Besi yako nimeilaza kwenye kiti cha mchungaji kwa sababu ndicho pekee chenye mto. Wazee wakinikuta nitasemwa. Umeme umekatika tangu saa nne asubuhi. Umeme ukirudi nina kazi moja ya kumalizia, na ninaiogopa kuliko kitu chochote tangu siku ile. Ndiyo maana nimechana karatasi kwenye daftari la kwaya nikuandikie.

Ulikuwa unasema dada yako Dorika hana kitufe cha kuzima. Basi nivumilie.

Kesho ni Jumapili ya Mavuno. Watu wataleta mahindi, maharage, mihogo, na yule mzee wa kijiji cha pili ataleta jogoo wake mkorofi kama kila mwaka. Kwaya itaimba, na atakayepiga besi ni Yunisi, binti yako. Amemaliza kidato cha nne, amenipita urefu, na vidole amechukua vyako, virefu halafu vimepinda nchani. Tangu uondoke kwaya imekuwa ikiimba na kinanda peke yake, na hii ni mvua ya tatu. Hakuna asiyekiri kwamba nyimbo zinapwaya.

Wiki tatu zilizopita Yunisi alikuja dukani kwangu Mpanda na basi la asubuhi. Alikuwa amebeba besi yako ndani ya kitenge cha mama yake, amplifaya ya kanisa ndani ya gunia, na kifurushi kidogo kutoka Dar es Salaam.

"Masenge," akaniambia mimi shangazi yake, hajaniamkia vizuri, "kwaya wameagiza masikio mapya. Ya zamani yamekufa yote mawili. Mwenyekiti kasema uyafunge wewe, na hiyo amplifaya uicheki."

Masikio. Bado wanaziita hivyo pikapu za besi, jina ulilozipa wewe, zile sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba zinazokaa chini ya nyuzi kusikiliza. Nilicheka kidogo kwa ajili ya mtoto.

Besi sikuigusa siku nne. Nilimwambia Yunisi kwa simu kwamba risasi ya kuchomelea imeniishia, na huku mzingo mzima ulikuwa mezani unanitazama. Nikatengeneza redio za watu ambao hawakuwa na haraka. Nikapanga bisibisi kwa urefu. Besi niliisimamisha nyuma ya pazia, na kila nikipita pale nilijibana ukutani nisiiguse, kama aliyeumwa na nyoka anavyoogopa hata ung'ongo.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, Kaka, na kama kuna anayelijua ni wewe.

Unaikumbuka Jumamosi ile ya mazoezi? Amplifaya ilikuwa inanguruma tangu asubuhi mpaka soprano wakawa wanapotea. Wewe ulikuwa unafundisha wimbo, huna nafasi. Ukanigeukia ukasema, "Dorika, niulie hiyo kelele." Nikafungua plagi. Ndani kuna nyaya tatu, na mmoja ni wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, ambao kazi yake ni kupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Nikaukata. Kelele ikafa palepale. Mafundi redio wengi ninaowajua hufanya hivyo, na wewe mwenyewe ulinionyesha kwenye deki ya kaseti ya baba. Kwamba deki ina boksi la mbao, na besi ina nyuzi za chuma zinazoshikwa na mtu mwenye damu, hilo sikuliwaza. Uliinua mkono wangu mbele ya kwaya nzima ukasema, "Mnaona? Mikono ya dada yangu inaponya." Hukuuliza nimekata nini. Sikukwambia.

Jumapili ikanyesha tangu alfajiri. Watu waliingia na matope, sakafu ya saruji ikalowa. Ukavua viatu kama kawaida yako, maana ulidai besi inasikika kwa nyayo kwanza. Kwenye kiitikio ukainama kwenye maiki, na midomo yako ilipoigusa ukakakamaa. Kichwa nyuma, macho juu, mkono wa kushoto umeng'ang'ania shingo ya besi. Kanisa likadhani umejazwa Roho. Walipiga makofi, Kaka. Walipiga vigelegele na haleluya, wimbo ukapanda, na mimi nikaona vidole haviachii. Nilikimbia nikiruka mabenchi nikang'oa plagi ukutani. Ukaanguka juu ya besi yako.

Zahanati wakasema ni moyo. Mchungaji akahubiri kwamba Bwana amekuita katikati ya sifa. Kwenye msalaba wako wameandika "Aliitwa akiimba", na Wifi Penina, kila akienda kukupalilia, huyapitishia kidole maneno yale moja moja. Mimi plagi ile niliikata kwenye waya wake siku hiyohiyo, nikaifunga kwenye pindo la kitenge changu. Iko kwenye kopo la maziwa ya unga dukani. Mtu mwingine akafunga plagi mpya yenye nyaya zote tatu, bila kujua kitu. Mimi nikarudi Mpanda, na tangu hapo kanisa hili nimelikwepa kwa visingizio vingi mpaka vikaniishia.

Siku ya tano nikajikaza kisabuni nikaifungua besi.

Nilipoinua bati la vifundo, vile vya kuzungusha sauti, nilikuta umetandika shimo lote kwa karatasi za fedha za pakiti za sigara, zile ulizokuwa unaomba kwa wavuvi ulipokwenda Ikola kutengeneza redio zao. Bado zinanuka tumbaku kidogo, wewe uliyekuwa hujawahi kuvuta hata moja. Risasi yako iko vilevile, kila tone la mviringo kama punje ya mtama. Nilipima masikio ya zamani kwa mita. Moja limekatika waya ndani, nadhani ni ulipoanguka nalo. La pili limeliwa na kutu. Halafu nikauona ule waya mweusi unaotoka kwenye vifundo kwenda kwenye daraja, lile bati zito linaloshika mikia ya nyuzi. Ule ndio uliounganisha nyuzi zako na amplifaya. Nilirudisha bati, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya jirani mpaka aliponiuliza kama nimefiwa.

Ulinifundisha sheria moja kabla ya zote. "Buhoro, buhoro, polepole. Chora kabla hujakata." Hata redio ya kuchezea ulitaka niichore kwanza, kila waya na rangi yake, ndipo nishike koleo. Nikachukua kalenda ya mwaka jana, nikaigeuza, nikachora besi yako: masikio mawili, voliyumu mbili, toni moja na kapasita yake, tundu la jeki. Nilipofika kwenye daraja penseli ilivunjika. Nililia pale, nakwambia ukweli. Jumamosi ile sikuchora. Ingekuwa mistari mitatu tu, na huenda ningeona njia inakoelekea.

Kazi yenyewe ungeicheka. Vifundo vya zamani vilikuwa vinakwaruza, nikaweka vipya. Nikakwangua migongo yake ili risasi ishike, nikaunganisha mmoja na mwingine kwa waya mtupu kama ulivyopenda. Waya mweupe wa kila sikio kwenye voliyumu yake, mweusi mgongoni. Chuma cha kuchomelea kilinichoma kidole mara mbili, kwa sababu nilikuwa nafanya kazi na uso umegeuka pembeni kama mtu anayekaanga samaki. Nilipojaribu kwenye spika yangu ndogo ya betri, kila sikio peke yake lilisikia vizuri. Nikiyafungua yote mawili sauti inakuwa nyembamba, haina tumbo. Nusu siku nilihangaika. Ndipo nikakumbuka ulivyonieleza kwamba masikio mawili yanaweza kuvutana kama ng'ombe wawili wasiojuana. Nikageuza nyaya za moja, mweusi ukakaa pa mweupe na mweupe pa mweusi. Nikapiga uzi mnene. Meza ikatetemeka, vikombe vikaongea, na kwa dakika moja nikasahau kuogopa. Ilikuwa sauti yako.

Lakini waya wa daraja sikuurudisha. Niliukunja, nikaufunika kwa utepe, nikasukuma chini. Nilijiambia kwamba nyuzi zisipounganishwa na kitu hazitaua mtu. Fundi gani huyo, utaniuliza. Fundi mwenye hofu. Nilijua kabisa kwamba bila waya ule besi itanung'unika, na bado nikafunga skrubu.

Yunisi akaja Jumatatu iliyopita kuijaribu kwenye amplifaya ya kanisa. Tukawasha, na hata kabla hajagusa nyuzi ikaanza, ule muungurumo.

"Masenge, mbona inazingua?"

"Vumilia, nitaiangalia," nikamwambia. Mteja akaniita mlangoni, mama mmoja wa Magamba na simu iliyodondokea kwenye sufuria ya ugali. Nilikaa naye dakika kumi nikimtania, nikiona raha kuwa mbali na sauti ile. Niliporudi, kelele ilikuwa imepungua sana. Yunisi alikuwa anatabasamu, bisibisi mkononi.

"Nimeipatia! Nimechomoa ule waya wa kijani kwenye plagi. Mwenyekiti alikuona ukikata, akanisimulia, si ndo ulivyofanya na baba ile Jumamosi? Kwaya nzima wanajua."

Na mkono wake ulikuwa unakwenda kuichukua besi.

Kaka, sijui sauti ile niliitoa wapi. "Usiguse!" Mama wa Magamba alidondosha simu yake mara ya pili. Yunisi aliganda. Nilivuta testa mfukoni, ile bisibisi yenye kitaa, nikaigusisha kwenye pembe ya chuma ya amplifaya, na kitaa kikawaka. Mpaka siku ile nilikuwa na tumaini dogo nililolificha, kwamba labda najisingizia, labda ulikuwa moyo kweli kama walivyosema. Kikawaka chekundu, hakikupepesa. Nikagusisha kwenye kifundo cha besi, kikawaka. Hila yangu ya kuficha waya wa daraja isingemsaidia kitu, kwa kuwa vifundo vyenyewe ni vya chuma. Nilizima ukutani. Mtoto alikuwa ananitazama mimi sasa, haitazami testa.

Nikajua nikinyamaza hapo, siku moja atakuwa peke yake na kelele ile, na atachomoa waya tena, kwa sababu shangazi yake ndiye aliyewafundisha watu kwamba hiyo ndiyo dawa. Nikashusha kopo la maziwa. Nikamwonyesha plagi. Nikamwambia yote, kama nilivyokwambia wewe hapo juu, ila yeye nilimwambia nikiwa nimekaa chini sakafuni.

Aliuliza kitu kimoja. "Kwa hiyo hakuwa amejazwa Roho?"

"Alikuwa anaimba," nikasema. "Mpaka neno la mwisho alikuwa anaimba."

Akachukua begi lake akaondoka bila kuaga. Mtoto ambaye huwa anaaga mara tatu.

Siku mbili zile sijui niliziishije. Simu ikilia naruka. Kichwani nilimwona Wifi akinitemea mate kanisani, nikaona jina langu likitajwa kwenye kikao cha ukoo, nikafikiria kupanda basi la Tabora nisirudi. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Nilifungua amplifaya nikakuta waya wa umeme uliochubuka ndani, umelala kwenye bati, na unyevu wa miaka umefanya umeme uvuje kidogo kidogo. Hiyo ndiyo kelele tuliyokuwa tunaiua. Nikaubadilisha. Nikarudisha waya wa daraja mahali ulipouweka wewe, kwa tone lile lile la mtama nililoliyeyusha upya. Nilichora kwanza.

Alhamisi Wifi Penina akaja. Hakunisalimia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua kilemba, akasema, "Niambie na mimi kama ulivyomwambia mtoto."

Nikamwambia. Nilipofika pale watu walipopiga makofi alinizuia kwa mkono.

"Nilikuwa mbele kabisa," akasema. "Na mimi nilipiga vigelegele, Dorika. Anakufa, mimi napiga vigelegele."

Sikuwahi kuliwaza hilo. Miaka yote niliona hofu yangu peke yangu, nikadhani nikifunga mdomo nawahurumia wao. Wifi akafunga kilemba chake.

"Msalaba utabaki ulivyo," akasema. "Maana aliimba kweli. Lakini wewe utakuja Jumamosi, utengeneze pale kanisani kila kitu, mbele yangu. Nione kwa macho."

Hajasema amenisamehe, Kaka. Nisikudanganye. Mpaka leo hajasema.

Leo nimefika asubuhi nikakagua nyaya zote za kanisa. Nondo ya ethi iliyopigwa ardhini nyuma ya vestri, chumba cha mchungaji, ilikuwa imeliwa na kutu hadi unaivunja kwa mkono. Nimekuja na fimbo mpya ya shaba, ndefu kuliko mimi. Unajua ardhi yetu inavyokauka kiangazi, umeme hauipendi ardhi kavu, kwa hiyo shimo linatakiwa lijazwe mkaa na chumvi. Chumvi nilikumbuka. Mkaa nilisahau. Nilikuwa nimesimama pale najilaumu, Wifi akatokea na beseni la mkaa kichwani, kilo mbili za chumvi juu yake. Alikuwa ameuliza mtu. Alipiga magoti akawa anamimina, mimi napiga nyundo. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Yunisi akachota maji kisimani akamwagia. Tulipomaliza nikawaza kwamba mara ya mwisho sisi watatu kusimama pamoja kwenye shimo ilikuwa kaburini kwako.

Sasa tunasubiri umeme. Testa ni nzuri, mita ni nzuri, lakini mimi nataka kujua kwa mwili. Nimemwomba Yunisi amwage ndoo ya maji pale ulipokuwa unasimama, na amekwenda kuijaza. Ukirudi umeme nitavua viatu, nitasimama kwenye maji yale, nitashika nyuzi zote nne, halafu nitaweka midomo kwenye maiki. Naogopa, Kaka. Naogopa mpaka meno yanauma. Kama kuna kitu nimesahau, nisamehe, na umwambie Mungu sikutaka.

Taa imewaka.

Nimerudi. Mwandiko umeharibika, utausoma hivyo hivyo.

Maji yalikuwa ya baridi. Niligusisha testa kila mahali, haikuwaka. Nikashika nyuzi. Nilipotaka kuinama kwenye maiki niligeuza macho nitafute pa kushika. Wifi Penina alikuwa amesimama ukutani kwenye soketi, kidole juu ya swichi, ananitazama mimi bila kupepesa. Hakuna aliyemtuma. Nikainama, nikaigusa maiki kwa midomo. Sikuhisi kitu. Chuma tu, na ladha ya vumbi. Nikabaki pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, machozi yananishuka kwenye nyuzi zako.

Yunisi sasa hivi anaipiga, nyuma yangu. Anakosea kwenye kona ya kiitikio, palepale ulipokuwa unakosea wewe ukisingizia mpiga ngoma. Amplifaya inanguruma kidogo, chini kabisa. Mwenyekiti wa kwaya ameingia akasema, "Dorika, si uiue hiyo kelele?" Kabla sijafungua mdomo, Wifi amemjibu, "Iache."

Lala, Kaka Zabroni. Ile plagi ya kwenye kopo nimekuja nayo, na nikitoka hapa naipitisha kwako, niifukie karibu na msalaba, mbele ya Wifi. Nakuahidi hivi: mtoto wako hatashika nyuzi hizi mahali popote, kanisani, harusini, au huko Dar anakoota kwenda, kabla sijamfundisha kushika testa, kuchora, na kuuliza nini kimekatwa. Na kesho, kabla ya wimbo wa kwanza, nitavua viatu tena.

Dada yako,
Dorika